Mshale wa RPM kwenye gari la otomatiki: niliyojifunza kati ya Kitonga na Kyela

Madereva wengi wa magari ya otomatiki hapa Mbeya huamini kwamba ule mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika, ambao mafundi wetu huuita mshale wa RPM na vitabu huuita takometa, umewekwa kwenye dashibodi ili kujaza nafasi. Hoja yao inaeleweka. Mwenye gari la gia za mkono huutazama ili ajue lini apandishe gia na lini ashushe, ilhali mwenye otomatiki kazi hiyo amekwisha kuikabidhi kwa gari lenyewe. Nami niliambiwa hivyo nilipokuwa nanunua gari, na wakati huo sikuwa na sababu ya kubisha. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyonibadilisha mawazo, pamoja na fedha zilizonitoka, kwa faida ya yeyote anayeendesha gari la namna hiyo kwenye milima hii yetu.

Gari nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akilitumia mjini. Ni dogo la Kijapani, la petroli, injini ya lita 1.5 isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, otomatiki ya gia nne, mkono wake una P, R, N, D, 2 na L, na ubavuni mwa mkono kuna kitufe cha O/D, ambacho kikizimwa giaboksi haipandi gia ya nne. Nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na kuzileta Mbeya mjini, na mara kwa mara nashuka hadi Kyela kufuata mchele, kwa hiyo nilitaka gari ambalo viti vya nyuma vinalala na nafasi ya mzigo inapatikana. Aliyeniuzia alinionyesha kila kitu kwa uungwana, na nilipouliza habari za mshale ule wa kushoto alicheka: "Dada, huo ni wa mapambo, wewe tazama mwendo na mafuta." Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori njia ya Tunduma, alikuwa mapumzikoni na akakubali kunisindikiza hadi nyumbani.

Somo la kwanza nililipata Kitonga, njiani kuja Mbeya. Mlima huo huanza ukishapita Ruaha Mbuyuni na Mahenge, na anayeupanda nyuma ya lori hana hiari ya mwendo. Lililokuwa mbele yetu lilikuwa tupu, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kama kilomita 35 kwa saa, mkono wa gia ukiwa kwenye D, macho yangu yakiwa kwenye taa za lori na kwenye ukingo wa barabara. Shemeji akaniambia, "Shemeji, hebu tupia jicho mshale wa kushoto. Gari linahangaika." Nilipotazama niliona mshale ukikaa karibu na 1,800, ukiruka hadi 2,600, ukikaa huko kidogo, kisha ukirudi ulikotoka, ingawa mguu wangu ulikuwa umetulia palepale. Giaboksi ilikuwa inapanda gia ya tatu kila mwinuko ulipolegea, inagundua kwamba injini haiwezi kuivuta, inarudi ya pili, na mchezo unaanza upya. Akaniambia niweke 2 na niache huko. Mshale ulitulia juu kidogo ya 2,500 na ukabaki hapo hadi tulipokaribia Ilula.

Nilimwuliza kama mizunguko mingi namna ile haiiumizi injini, maana mtu asiyezoea husikia mlio na kudhani gari linateswa. Jibu lake lilikuwa kwamba injini ya petroli yenye mstari mwekundu unaoanzia 6,000 na kitu haijui hata kama imefanya kazi ikiwa kwenye 2,500, na kwamba anayeteseka pale ni giaboksi. Baadaye nilielewa vizuri zaidi alichomaanisha. Katika otomatiki ya kawaida injini haikushikamanishwa na giaboksi moja kwa moja. Katikati yake kuna toki konveta, chombo kilichojaa oili ambamo upande mmoja unazungushwa na injini na upande wa pili unasukumwa na oili hiyo. Gari linapopanda taratibu huku limebanwa, pande hizo mbili hazizunguki sawasawa, na nguvu inayopotea katika tofauti hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Kila gia inapobadilishwa, klachi za ndani nazo husuguana na kuongeza joto lao. Ukiishikilia gia ya chini, kubadilishana huko kunakwisha, na kwa kuwa injini inazunguka haraka zaidi, pampu ya oili ya giaboksi inayoendeshwa nayo inasukuma oili nyingi zaidi kupita kwenye rejeta ikapoe. Bila mshale nisingeiona ile panda-shuka, kwa sababu katika gari lisilo na kasoro mabadiliko ya gia ni laini na kelele za lori zilikuwa zimemeza mlio wa injini yetu.

Tulipofika tambarare ya Usangu, kati ya Igawa na Chimala, barabara ikiwa imenyooka na hakuna upepo wa kuzungumzia, shemeji akanifundisha jambo ambalo nalihesabu kuwa ndilo la maana kuliko yote. Alinitaka nishike mwendo mmoja bila kuongeza wala kupunguza, kisha nisome mishale yote miwili, yeye akawa anaandika nyuma ya risiti ya mafuta. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa vijijini unaolindwa na askari wenye tochi za kupimia mwendo, mshale ulikaa kati ya 1,300 na 1,500. Kwa 80 ulikaa 2,100 na kidogo. Kwa 100 ukakaribia 2,700. Kisha, tukiwa kwenye 80, akaniambia nibonyeze kitufe cha O/D, na mshale ukapanda hadi 3,000 hivi bila mwendo kubadilika.

Namba hizo hazikuwa za bahati nasibu. Tairi la gari langu, likizunguka mara moja, linasogeza gari karibu mita 1.85. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linapita kama mita 1,333 kila dakika, yaani tairi linazunguka kama mara 720, na gia ya juu kabisa pamoja na gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu huifanya injini izunguke karibu mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukizidisha unapata 2,100 na ushei. Uhusiano huo ni wa meno ya chuma, haubembelezwi: katika gia moja, konveta ikiwa imejifunga, yaani pande zake mbili zimeshikana na kuzunguka pamoja, mwendo ukijulikana mizunguko inajulikana. Ndiyo maana nasema mshale wa RPM ukisomwa peke yake katika otomatiki hausemi mengi, lakini ukisomwa pamoja na mshale wa mwendo, na ukikumbuka mguu wako uko wapi kwenye pedali ya mafuta, unakuambia gari liko gia gani na kama gia hiyo imeshika. Magari mengi ya umri wa langu hayaandiki namba ya gia kwenye dashibodi yakiwa kwenye D, kwa hiyo hakuna dirisha lingine la kuchungulia giaboksi. Risiti ile niliibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele, na namshauri kila mwenye otomatiki aandike za kwake wakati gari likiwa zima, maana likishaanza kuumwa hakuna cha kulinganisha nacho.

Nyumbani nilianza kuona kwamba milima ina tabia zake. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya Tukuyu, ukishaacha Uyole kuelekea Isyonje, inapanda na kupita mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi, na kwa hiyo gari langu huku lina nguvu pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Uwiano wa gia haubadiliki kwa mwinuko. Kinachobadilika ni kwamba giaboksi inashusha gia mapema zaidi, na mshale unaishi juu zaidi. Ndugu yangu mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam alipoona 3,500 kwenye kilima cha kawaida alitaka tusimame tufungue boneti. Hakukuwa na ubovu wowote.

Asubuhi za Juni na Julai nazo zina darasa lake. Gari lililolala nje Uyole, kioo kikiwa na ukungu mzito, likiwashwa mshale hukaa 1,400 au zaidi, kisha hushuka polepole injini ikipata joto, hadi silensa yake ya kawaida, yaani mizunguko ya injini isiyokanyagwa mafuta, ambayo kwa langu ni kama 700. Wengi huwasha na kutumbukiza D au R palepale, na gari linaruka kama limegongwa kwa nyuma, kwa sababu klachi za giaboksi zinashikanishwa huku injini ikiwa kwenye mizunguko mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Si lazima usubiri hadi injini ichemke. Mimi nasubiri mshale ushuke chini ya 1,000 kidogo, jambo linalochukua muda wa kufuta vioo, ndipo naingiza gia na kuondoka taratibu. Silensa ikikataa kushuka hata gari likipata moto, au mshale ukitetemeka juu na chini gari likiwa limesimama, hiyo ni kazi ya fundi wa injini, na giaboksi isisingiziwe.

Mteremko wa kutoka Isyonje kwenda Kiwira na Tukuyu, na baadaye ule wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela, ambako unafika mita 500 hivi karibu na Ziwa Nyasa, ndipo mahali ambapo mshale huu umenisaidia kila wiki. Kuna imani iliyokita mizizi kwamba kuweka fri, yaani kuingiza N na kuliachia gari lijiendee, kunaokoa mafuta, na nimewahi kupewa lifti na mtu aliyefanya hivyo kwenye kona zenye ukungu huku akinieleza kwamba mshale umeshuka hadi 700 na hiyo ndiyo akiba yenyewe. Mshale ulikuwa kweli kwenye 700, lakini injini iliyo kwenye silensa lazima inyonye mafuta ili isizime. Gari lenye sindano za mafuta za umeme likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye pedali na mizunguko ikiwa juu, tuseme zaidi ya 1,500 kwa magari mengi, kompyuta yake hufunga mafuta kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwa hiyo 3,000 unayoiona ukishuka na 2 huku mguu umeinua ni 3,000 ya bure.

Faida kubwa zaidi ni breki. Injini inayozungushwa bila mafuta inalishika gari, na breki zinabaki na baridi yake kwa ajili ya kona na kwa ajili ya bodaboda anayekatiza. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini hunywa unyevu wa hewa kadiri inavyokaa, na ile iliyokwisha kunywa inaruhusiwa kuchemka hata kwenye nyuzi 140. Ikichemka, pedali inaingia ndani kama umekanyaga godoro. Utaratibu wangu ni kuzima O/D kabla mteremko haujaanza, kuingiza 2 mwendo ukiwa umekwisha kushuka hadi 50 hivi, na kutazama mshale unatua wapi: ukitua kati ya 2,500 na 3,500 gia hiyo inatosha, na ukiendelea kupanda kuelekea 4,500 naigusa breki kwa nguvu kwa muda mfupi, naiachia, narudia, badala ya kuikalia mfululizo. L naitumia mahali pa kutambaa tu.

Ubovu wenyewe ulinikuta nikitoka Kiwira kupanda kuelekea Isongole, nyuma kukiwa na kreti za parachichi. Nilikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, gia ya tatu, mshale kwenye 2,300 na ushei kama ilivyo kawaida, mguu umetulia. Mara mshale ukaanza kupanda wenyewe: 2,600, 2,800, ukapita 3,000, huku mwendo ukipungua hadi 55. Hakuna mshtuko wowote niliousikia. Niliinua mguu, mshale ukaanguka, gari likashika, nikaendelea. Kilima kilichofuata ikawa vilevile. Usiku ule nilichukua risiti yangu nikapiga hesabu. Kwa 60, gia ya tatu inataka 2,300, na konveta ikiwa haijajifunga unaweza kuongeza mia tatu au nne. Gia ya pili inataka zaidi ya 3,500. Kwa hiyo 3,000 na ushei inayopanda huku mwendo ukishuka haikuwa namba ya gia yoyote ile ya gari langu. Injini ilikuwa inazunguka na nguvu haifiki.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo siitaji, haikutaka kusikia habari za namba. Fundi alisikiliza nusu ya maelezo, akasema gari lina misi, yaani silinda haichomi mafuta sawasawa, likapimwa kwa mashine ambayo haikuonyesha hitilafu yoyote, na hata hivyo nikabadilishiwa plagi zote nne na koili moja na kusafishiwa throtobodi. Yote pamoja na ufundi yalinigharimu shilingi 185,000. Nilipomwambia kwamba injini inapokuwa na misi mshale haupandi bali hutetemeka au kushuka, kwa kuwa nguvu imepungua, ilhali wangu unapanda, alinijibu, "Mama, kwenye otomatiki mshale huo haumaanishi kitu." Kilima cha Isongole kilitoa majibu yaleyale siku iliyofuata. Kilichonikera zaidi ya fedha ni kwamba hakuvuta hata kijiti cha oili ya giaboksi, kazi ya dakika mbili.

Fundi wa pili ni mzee wa Uyole ambaye karibu kazi yake yote ni otomatiki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mshale ulipopanda, mguu ulikuwa wapi?" Nikajua nimefika. Tulikwenda naye Mlima Nyoka, yeye akiwa ameketi upande wa abiria, macho kwenye mishale miwili, akinitaka nishike 50, kisha 60, kisha nibonyeze O/D, kisha niirudishe. Kwenye sehemu ya tambarare kila kitu kilikwenda kama risiti inavyosema, na konveta ilipojifunga tuliuona mshale ukishuka mia mbili hivi, taratibu, bila gari kubadilisha gia. Kwenye mwinuko mkali gia ikateleza. Hakutaka lile jaribio la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gari likiwa kwenye D. Alisema lina mahali pake, lakini halipaswi kuzidi sekunde tano, na amepokea magari yaliyouawa na mafundi waliolifanya kwa dakika nzima.

Tuliporudi alilisimamisha gari mahali pa usawa, injini ikiunguruma na moto wake, akapitisha mkono kwenye kila gia na kuurudisha P, ndipo akavuta kijiti. Hivyo ndivyo kinavyopimwa kwenye magari mengi yenye kijiti. Ukipima injini ikiwa imezimwa utapata kipimo cha uongo. Oili ilikuwa chini ya alama ya moto, rangi yake imetoka kwenye wekundu na kuwa kahawia, na ilinuka kama mkate ulioungua. Chini ya gari, mpira mmoja kati ya ile inayopeleka oili kwenye rejeta ulikuwa umepasuka karibu na klampu na unavujisha kwa matone madogo ambayo upepo wa safari huyafuta kabla hayajadondoka mahali pa kuonekana. Maelezo yake yalinifumbua macho: gari likiwa tambarare, oili iliyobaki inatosha kufunika kichujio, likiinua pua kilimani, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kichujio kinavuta hewa, shinikizo linashuka, na klachi zinaanza kuteleza. Ndiyo maana ubovu ulikuwa wa kilimani tu, na ndiyo maana mashine ya kupimia haikuona kitu.

Mpira mpya, klampu, kichujio, gasketi ya sampo, oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti na ufundi vilifika shilingi 370,000. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni oili, kwa sababu ukifungua nati ya sampo hutoka nusu tu au pungufu, nyingine inabaki ndani ya konveta, na yeye alipendelea kumwaga, kuendesha kwa siku chache, na kumwaga tena, kuliko kuisukuma yote kwa mashine. Nilikubali. Giaboksi ya mtumba ya gari kama langu nilikuwa nimekwisha kutajiwa shilingi 1,200,000 bila kazi ya kuifunga na bila uhakika wa maisha yake. Siwezi kusema gari lilipona kabisa. Asubuhi za baridi, kutoka gia ya tatu kwenda ya nne, mshale bado unapaa mia mbili tatu kabla ya kushika, dalili kwamba klachi moja iliungua kiasi. Mzee wa Uyole aliniambia niishi nayo na nipime oili kila mwezi, nami naishi nayo.

Kisa cha dada yangu wa Iringa kinafaa kuwekwa hapa kwa sababu ni kinyume cha changu. Alinunua gari lenye giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Akipanda kutoka Ipogolo kuingia mjini na kukanyaga mafuta, mshale uliruka hadi 3,500 na kuganda hapo huku mwendo ukiendelea kupanda, na fundi mmoja akamshawishi kwamba giaboksi imekufa. Alinipigia simu akiwa tayari amekopa. Nilimwuliza swali moja tu: mwendo unaongezeka au unapungua? Ulikuwa unaongezeka. Kwa CVT hiyo ndiyo kazi yake, kuiacha injini kwenye mizunguko inayoifaa na kubadilisha uwiano polepole. Mshale ukiganda huku mwendo ukipanda, gari ni zima. Mshale ukipanda huku mwendo ukibaki nyuma au ukishuka, hapo ndipo pa kuogopa, iwe ni CVT au ni gia nne. Nilimsihi pia asikubali kamwe kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida humo, kwa maana CVT ina oili yake.

Nisije nikaonekana nauabudu mshale huu. Mtu anayekwenda Mwanjelwa na kurudi Forest kila siku hapa mjini anaweza asiutazame mwaka mzima na asipungukiwe. Eneo jekundu, ambalo ndilo watu huliogopa, kwenye otomatiki lina maana ndogo, kwani kompyuta hukata mafuta kabla injini haijajiumiza na kwa kawaida hukataa kushusha gia itakayoizidisha mizunguko. Ningelazimishwa kuchagua mshale mmoja wa kubaki nao ningechukua wa joto la maji, na nasikitika kwamba magari mengi madogo ya sasa yameuondoa na kuweka taa ya buluu na nyekundu, ambayo ikiwaka umekwisha kuchelewa. Tena mshale wa RPM si wa kukodolewa macho barabarani, hasa kwenye kona za Kitonga. Naupitishia jicho kabla ya mwinuko na baada ya gia kubadilika, basi. Na baada ya miezi kadhaa sikio lenyewe limejua 2,100 inasikikaje na 3,000 inasikikaje, kiasi kwamba sasa natazama pale tu mlio unapopingana na mwendo.

Anayenunua gari lililotumika aje na macho hayo. Aombe kulikuta likiwa baridi, alione likiwashwa, aone silensa inaanzia wapi na inatulia wapi. Akiwa amekanyaga breki atoe P aingize D: mshale ushuke kidogo, kama mia moja hivi, na gari lishike ndani ya sekunde moja, bila kishindo. Akiwa barabarani atafute kilima, si tambarare ambayo muuzaji ameichagua, na ashike mguu palepale huku akisoma mishale yote miwili. Muuzaji akikataa kilima, hilo nalo ni jibu.

Wenye magari yasiyo na mshale huu, kama vile Vitz za mwanzo na Passo kadhaa, wana njia nyingine. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kupimia gari chini ya usukani na kutuma taarifa kwa simu kwa bluutuuthi, na programu ya simu inachora mizunguko, mwendo na joto la maji kwa pamoja. Baadhi ya magari ya Kijapani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana tundu la umbo hilohilo lakini hayazungumzi na vidude hivi, kwa hiyo kijaribiwe kwenye gari lako kabla hujakilipia, na simu ifungwe mahali ambapo haitakuteremkia miguuni ukiwa unashuka Tukuyu.